Simulesheni yako inakesha? Kabla hujanunua kompyuta nyingine, angalia meshi (uzi maalumu kwa watu wa mifupa, viungo bandia na tishu)

Fundi wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikutana na wadau wanaofanya simulesheni za mwili wa binadamu huku kwetu, vijana wanaosoma Tengeru, mafundi wa viungo bandia wa Moshi, juzi tena dada mmoja anahangaika na mfupa wa nyonga, malalamiko ni yaleyale: simulesheni inakesha, umeme ukikatika saa tisa usiku kazi inaanza upya, afu mtu anaanza kutafuta hela ya kompyuta kubwa. Nawaambia kwa nia njema kabisa, wengi wenu kompyuta mliyonayo inatosha. Kinachowakwamisha ni meshi.

Tuelewane kwanza kwa wale wageni. Skani ya CT au MRI inakupa rundo la vokseli, yaani vijisanduku vidogo vya picha. Ukishachora mipaka ya mfupa, msuli na ngozi unapata umbo, ila solva, yaani programu inayopiga hesabu, haiwezi kulipiga hesabu umbo zima kwa mkupuo, inataka likatwe vipande vidogo vidogo vinavyoitwa elementi. Vipande vyenye kona nne ni tetra, vyenye kona nane kama tofali ni heksa. Kwenye kona kuna nodi, na kila nodi ina namba tatu za kutafuta: imesogea kiasi gani upande, mbele na juu. Huo mkatiko mzima ndio meshi.

Sasa twende kwenye hesabu maana hapo ndipo watu hawakai wakafikiri. Chukua kigutu cha chini ya goti, tuseme kina upana wa sm 12 na urefu wa sm 15. Ujazo wake ni karibu milimita za ujazo milioni 1.7. Ukikata kwa milimita moja moja una elementi milioni 1.7, na namba za kutafuta zinapita milioni 5. Ukikata kwa milimita 4 unabaki na elementi kama 26,500 na namba za kutafuta kama 80,000, hiyo laptopu ya kawaida inaibeba bila shida. Ni kigutu kilekile. Na kwa wale wa solva za eksplisiti, zile zinazokwenda hatua ndogo ndogo za muda, ukipunguza ukubwa wa elementi nusu unapata elementi mara 8, hatua ya muda nayo inakatika nusu, kwahiyo kazi yote inakuwa mara 16. Mtu anabonyeza mara mbili tu kitufe cha kukata elementi nusu afu anashangaa kwanini ilikuwa dakika kumi sasa hivi ni siku mbili.

Kwahiyo swali la kwanza kabla hujakata chochote ni: unatafuta nini? Anayefuatilia umeme wa moyo unavyosambaa anahitaji meshi ya kama robo milimita, kwa sababu ukingo wa lile wimbi ni mwembamba sana, ukikata kwa vipande vikubwa wimbi linakwenda kwa mwendo wa uongo. Ukuta wa moyo wa sentimita za ujazo 150 kwa robo milimita ni vipande karibu milioni 9.6, hapo kweli unahitaji mashine kubwa, sibishi. Ila anayetaka kujua moyo huohuo unavyojikunja na kutanuka, milimita moja na kitu au mbili zinamtosha. Moyo mmoja, meshi mbili tofauti kabisa.

Kwa kigutu tunatafuta presha kati ya ngozi na soketi, yaani kile kikombe cha mguu bandia ambacho kigutu kinaingia. Na fundi yeyote wa Moshi atakwambia presha inauma wapi: kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa ubavuni), ncha ya tibia (mfupa mkubwa wa ugoko), ugoko kwa mbele, na kwenye soketi za PTB mzigo mwingi unawekwa makusudi kwenye kano lililo chini ya pia ya goti. Basi hapo ndipo weka elementi za milimita 2. Nyama ya nyuma huko katikati weka 6 au hata 8, haina inachokwambia. Na uongeze polepole kutoka 2 kwenda 8, usirukie.

Jambo la pili ambalo linaokoa muda kuliko watu wanavyodhani: mfupa. Naona meshi za watu zimejaza mfupa elementi mpaka ndani, laki na zaidi, wakati swali lao ni ngozi. Mfupa mgumu wa nje una ugumu wa karibu GPa 17, nyama laini iko kwenye makumi mpaka mia ya kPa, tofauti inapita mara laki moja. Kwa presha ya soketi mfupa haupindi kitu cha kuhesabika. Ufanye mgumu moja kwa moja, bakiza uso wake tu nyama ishike pale, ndani acha tupu. Mbali na kupunguza elementi, unaondoa pia ile hali ya kuweka kitu kigumu sana na kitu laini sana ndani ya hesabu moja, ambayo solva nyingi za kukaribia jibu kidogo kidogo zinaichukia sana.

Tatu, na hili ndilo nataka mlishike kuliko yote: VIBANZI. Programu nyingi za tetra zinatumia njia ya Delaunay, inatoka kwa Mrusi Boris Delaunay, 1934. Ni njia nzuri na ina haraka, kwenye bapa inakupa pembetatu safi. Ila kwenye 3D ina tundu moja. Chukua nodi nne uziweke karibu kwenye bapa moja, kama kona za mraba, moja uinyanyue kidogo sana. Kingo zake zote sita ni ndefu, ukipima urefu wa kingo unaona iko freshi. Ila ujazo wake ni karibu sifuri. Hicho ndicho kibanzi. Delaunay haiizuii hiyo. Unakuta meshi ya elementi laki mbili ina vibanzi ishirini tu vimejificha ndani huko huvioni.

Madhara yake sasa. Kwenye eksplisiti hatua ya muda ya mwili mzima inapangwa na elementi mbovu kuliko zote: unachukua kimo chake kidogo kabisa ugawe kwa mwendo wa sauti kwenye tishu, ambao ni kama mita 1,540 kwa sekunde. Elementi yenye kimo cha milimita 3 inakuruhusu hatua ya karibu maikrosekunde 2. Kibanzi chenye kimo cha milimita 0.05 kinakulazimisha hatua ya maikrosekunde 0.03. Ni mara 60! Kitu ambacho kingeisha ndani ya dakika tano kinachukua masaa matano, kwa sababu ya elementi MOJA kati ya laki mbili. Nimeona mtu amehama kutoka laptopu kwenda seva ya kazini, akabaki na kibanzi chake kilekile.

Kwahiyo usipime meshi kwa wastani. Wastani wa ubora ukiwa 0.8 haukusaidii kitu. Angalia elementi mbovu kuliko zote, na pima pembe kati ya nyuso mbili za tetra, sio urefu wa kingo. Ikiwa ndogo kabisa iko chini ya nyuzi 5, hapo usiwashe solva, rudi ukasafishe. Kuna njia ya Labelle na Shewchuk ya 2007, inajaza umbo kwa wavu wa vipande vilivyopangwa afu inakata kwenye mpaka, na wamethibitisha kihesabu kwamba kwa elementi za saizi moja pembe zote zinabaki kati ya nyuzi 10.7 na 164.8. Sio ahadi ya mdomo, ni uthibitisho. Kwa tishu laini yenye umbo la mviringo hiyo ni dhahabu, ila kwenye kona kali inazilainisha, ujue hilo.

Nne, tetra za nodi 4 na nyama. Nyama ni maji kwa sehemu kubwa, haibinyiki ujazo, uwiano wake wa Poisson (kipimo cha kitu kinavyotanuka ubavuni ukikibana) unakaribia 0.5. Tetra ya nodi 4 ukiiambia usibadilishe ujazo inakakamaa, meshi nzima inakuwa ngumu kuliko nyama halisi, mguso unaonekana mdogo na presha inapanda. Jibu linakuja haraka ila ni la uongo, afu hakuna kitu kitakachokuonya kwenye skrini. Dawa zipo: tumia tetra za nodi 10, au heksa, au zile tetra zinazogawana presha kwenye nodi ambazo Bonet na Burton walizitoa 1998, ni nafuu sana kwa hesabu na zinafaa kwa kazi za haraka. Heksa ndio nzuri kuliko zote kwa nyama, ila kukata umbo lolote kwa heksa safi bila mkono wa mtu mpaka leo halijapatiwa dawa kamili. Mfupa mrefu unaweza, ubongo utakula wiki.

Naishia hapo kwa sasa, kama kuna swali karibuni.

Mangi wa Rau

Kaka asante sana kwa hii elimu, barikiwa. Mimi nipo karakana, kazi yangu ni miguu bandia, wateja wetu wengi sasa hivi ni ajali za bodaboda na kisukari. Nina maswali mawili. Moja, sisi hatuna CT ya kila mgonjwa na hatutakuwa nayo karibuni, tuna plasta tu. Tunafunga kigutu, tunamimina, tunapata umbo, tunalirekebisha kwa mkono, tunapunguza pale kwenye kano na tunaongeza pale kwenye kichwa cha fibula. Je, hiyo plasta nikiiskani kwa simu inafaa kitu? La pili, mgonjwa ametoka Same au Rombo, amelala kwa ndugu anasubiri, siwezi kumwambia subiri simulesheni wiki mbili. Nikipata jibu kesho yake asubuhi kabla sijavuta plastiki ndio lina maana kwangu.

Fundi wa Sakina

Mangi swali lako ndio moyo wa uzi wote, ngoja nilijibu taratibu.

Plasta inafaa, tena unayo faida ambayo mwenye CT hana. Iskani mara mbili. Mara ya kwanza kabla hujaigusa na tupa, hilo ni umbo la kigutu. Mara ya pili ukishaimaliza kuirekebisha, hilo ni umbo la soketi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayozaa presha mgonjwa akivaa, yaani ule ufundi wa mikono yako umeingia kwenye simulesheni kama namba. Pale ulipopunguza milimita 3 kwenye kano, modeli inaona soketi imeingia milimita 3 ndani ya ngozi inaisukuma itoke. Wanaoskani plasta iliyorekebishwa peke yake wanapoteza kitu muhimu kuliko vyote.

Kuhusu kesho yake asubuhi: usitengeneze meshi mpya kwa kila mgonjwa. Hapo ndipo muda wote unapopotea, kuchora na kukata, solva wala haijawashwa. Tengeneza meshi MOJA nzuri ya kigutu, ya heksa kabisa, ukae nayo hata mwezi uisafishe mpaka iwe safi, mfupa ukiwa tupu ndani, elementi ndogo pale panapouma. Hiyo ndio kielelezo. Akija mgonjwa unachukua alama chache unazozishika kwa vidole kila siku, kichwa cha fibula, katikati ya kano, ncha ya tibia, pande mbili za goti, unaziweka kwenye skani yake, afu programu inaivuta ile meshi ya kielelezo ikae kwenye umbo la mgonjwa. Hesabu ya kuvuta hivyo ipo siku nyingi, Bookstein aliielezea 1989 kwa ajili ya kulinganisha maumbo ya mwili, na kwenye laptopu inachukua sekunde. Nodi ni zilezile, namba za elementi ni zilezile, sehemu za kubana na za mzigo zimeshawekwa. Kilichobadilika ni mahali nodi zilipokaa.

Mfupa wa ndani unauweka kwa picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu, unapata urefu wa tibia iliyobaki na umbali wa mfupa mpaka ngozi. Haitakuwa sawa na CT, ila kwa swali la "nipunguze zaidi hapa au niache" inakupa mwelekeo wa kufanyia kazi. Tahadhari ni moja: baada ya kuvuta, angalia tena elementi mbovu kuliko zote. Kigutu kifupi sana au chenye ncha iliyochongoka kinaweza kupindua elementi ndani nje, ujazo unakuwa hasi, na solva itagoma. Wagonjwa kama hao watengenezee kielelezo cha pili.

Binti Njiro

Habari kaka. Mimi nasoma, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nimechora mfupa wa nyonga kwenye 3D Slicer (programu ya kuchora skani) vizuri tu, nikatoa STL (faili ya uso wa pembetatu), nikaipeleka TetGen (programu ya kukata tetra) inagoma inasema nyuso zinakatana zenyewe. Nikazirekebisha kwa mkono pembetatu moja moja, nikimaliza huku zinatokea kule. Nimechoka kwakweli, na uso una pembetatu zaidi ya laki sita.

Fundi wa Sakina

Dada pole, ila acha kabisa kurekebisha kwa mkono, hiyo kazi haina mwisho. Ngoja nikwambie zinatoka wapi. Uso wa STL unatengenezwa kwa njia ya Lorensen na Cline ya 1987, inapita kila vokseli na kuweka pembetatu pale mpaka unapopita. Kwahiyo ule uso una ngazi ngazi za vokseli, na idadi ya pembetatu inafuata skani, haifuati mfupa. Laki sita kwa nyonga hazina sababu.

Fungua MeshLab ni ya bure. Anza na kulainisha kwa Taubin, usitumie ile ya Laplace ya kawaida kwa sababu kila ukiirudia mfupa unasinyaa, unaweza kupoteza unene wa ganda la mfupa bila kujua. Taubin ya 1995 inasukuma ndani afu inarudisha nje, ujazo unabaki palepale. Afu punguza pembetatu mpaka kama elfu thelathini arobaini hivi, ile njia ya kukunja kingo ya Garland na Heckbert ipo humohumo, inapunguza sana pale palipo tambarare na kuacha palipo na mkunjo. Utaratibu ni huo, lainisha kwanza ndio upunguze. Ukigeuza unazibakiza ngazi za vokseli ndani ya pembetatu kubwa, hapo hazitoki tena.

Baada ya hapo kama TetGen bado inagoma, na itagoma kwa sababu ina masharti, inataka uso safi kabisa usio na tundu wala mkatano, nenda fTetWild. Hiyo imetoka 2020, inapokea uso mchafu, yenyewe inaruhusiwa kusogea ndani ya ganda jembamba kuzunguka uso wako, kwahiyo mikatano midogo inaimeza. Angalia namba mbili. Ganda la kawaida ni sehemu moja ya elfu ya mshazari wa kisanduku kinachozunguka umbo, na urefu wa kingo ni moja ya ishirini ya mshazari huo. Kwa kile kigutu changu cha sm 12 kwa 15 mshazari ni kama sm 22.6, kwahiyo ganda ni milimita 0.23, hiyo safi kabisa, ila kingo zinakuwa milimita 11, kubwa mno kwa kazi ya mgusano. Ipunguze mwenyewe. Watu wanaacha namba za mwanzo afu wanasema programu mbaya.

Ikishindikana yote na una haraka, kwa mfupa unaweza kugeuza kila vokseli iwe heksa moja, hamna kukata wala kusafisha, elementi zote zina umbo moja kwahiyo kompyuta inahesabu ugumu wa moja na kuutumia kwa zote. Watu wa mfupa wa sponji wamefanya hivyo tangu miaka ya tisini na mashine za kipindi kile. Ila usisome mkazo kwenye uso, zile ngazi zinakudanganya pale, soma wa ndani.

Chalii wa Kijenge

Mkuu uzi umeenda shule. Lakini mimi nina mawazo tofauti kidogo. Siku hizi kuna GPU (kadi za picha zinazopiga hesabu nyingi kwa pamoja), na kuna seva za kukodi kwa saa. Kwanini mtu ahangaike na vibanzi wakati anaweza kukodi nguvu ya kompyuta kwa siku moja akamaliza?

Fundi wa Sakina

Hoja yako ni ya msingi na GPU ninazikubali sana. Wale wa Chuo Kikuu cha Western Australia, Miller, Joldes, Lance na Wittek, 2007 waliandika njia ya eksplisiti inayorejelea umbo la mwanzo muda wote, kwahiyo mambo mengi yanahesabiwa mara moja tu kabla ya kuanza, na kila elementi inajitegemea. Hiyo kwenye GPU inakaa vizuri mno, mwaka uliofuata tayari kulikuwa na watu wameihamishia huko. Wao shida yao ilikuwa ubongo: ukishafungua fuvu ubongo unahama, pengine zaidi ya sentimita moja, na picha ya kabla ya upasuaji inakuwa haimwambii daktari ukweli tena. Lazima jibu lipatikane mgonjwa akiwa mezani.

Ila sikiliza. GPU inafanya kila hatua iwe fupi, HAIPUNGUZI idadi ya hatua. Idadi ya hatua inapangwa na kibanzi. Ukiwa na meshi inayodai hatua mara 60 utakodi GPU kulipia zile mara 60. Na kwa mambo ya mazoezi ya upasuaji yenye mkono wa kuhisi (kifaa kinachousukuma mkono wako kama tishu halisi), macho yanaridhika na picha 25 au 30 kwa sekunde lakini mkono unataka karibu mara 1,000 kwa sekunde, la sivyo unahisi mtetemo. Hapo hata ukiwa na GPU nzuri kabisa unabaki na elementi elfu chache, kwahiyo lazima ujue uziweke wapi. Nunua GPU, sikukatazi, ila safisha meshi kwanza, unaweza kuta hela hiyo ukainunulia skana.

Dada wa Eksirei

Naomba niseme upande wetu wa picha maana hamtusemi. Mnakuja mmebeba sidii ya mgonjwa yenye slaisi za milimita 5 mnataka mchore mfupa. Kwenye bapa picha ina nusu milimita, kwenda chini ina milimita 5, kwahiyo vokseli ni ndefu mara kumi kuliko upana wake, hiyo ngazi hailainishiki na Taubin yoyote. Mashine mara nyingi imechukua data nyembamba zaidi ya hiyo, ile ya milimita 5 imetengenezwa kwa ajili ya daktari kusoma haraka. Mkituambia mapema tunaweza kuitengeneza upya kwa milimita moja bila kumpiga mgonjwa mionzi mara ya pili. Lakini data ghafi haikai milele kwenye mashine, inafutwa kupisha wengine, mkija baada ya muda tunabaki na ile ya milimita 5 tu. Tafadhali njooni KABLA.

Na jambo lingine, faili za DICOM (zile za picha za hospitali) zina jina la mgonjwa na umri ndani yake, sio kwenye jina la faili tu. Naona watu wanatumiana kwenye makundi ya simu. Ondoeni kwanza, huyo ni mgonjwa wa mtu.

Fundi wa Sakina

Dada umesema kitu kikubwa sana, wote wasome hii mara mbili. Meshi mbaya nyingi zinaanzia kwenye slaisi nene. Na kwa kuchora, siku hizi ipo TotalSegmentator ya watu wa hospitali ya chuo kikuu cha Basel, toleo la kwanza lilichora sehemu 104 za mwili zenyewe kutoka kwenye CT, ni ya bure. Inakuokolea siku za kuchora nyonga, ila kagua kwa macho pale kichwa cha paja kinapogusana na kikombe chake, mifupa miwili ikiungana ukaikata kama mmoja simulesheni yako haina kiungo tena.

Mwalimu wa Majengo

Kaka mimi nina tatizo tofauti. Nafanya ule ukaguzi wa kupunguza saizi mara tatu kuona kama jibu linatulia. Kusogea kwa ngozi kumetulia vizuri. Ila presha kubwa kabisa kwenye ukingo wa juu wa soketi haitulii, kila nikipunguza inapanda. 4 mm, 2 mm, 1 mm, inapanda tu. Msimamizi anasema niendelee kupunguza mpaka itulie. Laptopu ndio imefika mwisho.

Fundi wa Sakina

Mwalimu usiendelee kupunguza, haitatulia. Ule ukingo umeuchora mkali kama kisu, na kwenye kona kali ya kitu kigumu kinachobonyeza kitu laini nadharia yenyewe inasema presha haina kikomo, kwahiyo meshi ndogo inafuata tu kile ulichoichorea. Kwenye karakana hakuna soketi yenye ukingo hivyo, Mangi hapo juu atakwambia wanaukunja nje na kuusugua mpaka uwe mviringo. Uchore hivyo, mviringo wa milimita 3 au 4, weka elementi tatu nne kwenye huo mkunjo, itatulia. Na usiripoti presha ya nodi moja. Ripoti wastani wa eneo la sentimita moja ya mraba, ngozi haiumizwi na nodi, na hata vile vipima presha vinavyowekwa ndani ya soketi vina eneo lake, kwahiyo ndio kitu unachoweza kukilinganisha. Ukifanya hivyo nadhani 2 mm itakutosha na msimamizi mwonyeshe grafu ya wastani sio ya kilele.

Mwalimu wa Majengo

Aisee. Nimekaa na hii kitu muda mrefu. Naenda kuchora ule mviringo leo leo.

Mangi wa Rau

Ndio, tunaukunja nje mwalimu, na sehemu ya nyuma ya goti tunashusha ukingo ili mgonjwa aweze kukaa, usiuchore sawa mzunguko mzima. Ukiwa Moshi pita karakana nikuonyeshe, kuna soketi za zamani tumeziweka unaweza kuzipima.

Kaka wa Sakina, nina plasta ya mama mmoja wa kigutu cha kawaida tu, ameridhia tuitumie kujifunza. Naanza nayo kesho, nikutumieje?

Fundi wa Sakina

Safi sana Mangi. Bandika vitone vya kalamu nyekundu kwenye zile alama tano kabla hujaskani, kwenye plasta zote mbili, na vikae mahali palepale maana ukirekebisha vinasuguliwa, vipime kutoka kwenye kitu ambacho hukigusi. Skani ya kabla na ya baada ziwe na jina linaloeleweka, jina la mama lisiwepo popote. Faili ya STL haihifadhi kipimo, haijui kama ni milimita au sentimita, kwahiyo pima upana wa plasta kwa rula sehemu moja uniandikie ni ngapi, nitalinganisha na faili. Nikizipata Jumamosi nitaanza kukata kielelezo, na nikishamaliza naweka humu meshi yenyewe pamoja na pembe ya elementi mbovu kuliko zote kila mtu aikague.